Sura ya Sita: Imani Hubebwa kwa Mabega Mengi

Masomo ya sura hii: Danieli 3:16–18, Marko 2:1–12, Warumi 4:18–21, Yeremia 32:1–15

Asubuhi ya Jumamosi, Mei 6, 2017, basi dogo la Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha lilikuwa njiani kwenda Karatu. Ndani yake walikuwamo wanafunzi wa darasa la saba, wanakwenda kufanya mtihani wa ujirani mwema na wenzao wa Shule ya Tumaini. Ulikuwa msimu wa masika na barabara ilikuwa imelowa. Walipofika Rhotia, kwenye mteremko wa Mto Marera, basi liliacha njia likatumbukia korongoni. Walikufa watu 35: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walitolewa wakiwa hai, mifupa imevunjika vibaya.

Wakazi wa Rhotia walishuka korongoni wakaanza kuwatoa watoto. Kwenye barabara hiyohiyo walikuwa wakipita Wamarekani wa kujitolea wa shirika la Kikristo la STEMM, nao wakasimama, wakashuka, wakasaidia. Wiki moja baadaye watoto wale watatu walipandishwa ndege ya shirika la Samaritan's Purse, wakapelekwa Sioux City katika jimbo la Iowa. Huko walifanyiwa upasuaji na kuuguzwa hadi Agosti waliporudi nyumbani. Lakini kabla ya ndege hiyo kupaa, Mei 8, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid ulikuwa umejaa watu na majeneza. Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, aliongoza waombolezaji, na viongozi wa Kikristo na wa Kiislamu wakaomba mahali pamoja, kwa sababu kifo hakikuwa kimechagua watoto wa dini moja.

Tunapozungumzia matumaini yenye ujasiri katika wilaya hizi mbili, Karatu na Ngorongoro, hatuwezi kuupita mteremko ule kama vile haupo. Matumaini yasiyoweza kutamkwa Rhotia hayafai kutamkwa madhabahuni.

Kilio cha aliyezika

Upo ushuhuda ulio rahisi kuutoa kuhusu ajali ile. Unaanza na wale watoto watatu: wasamaria waliopita saa ileile, ndege iliyopatikana, madaktari walioitikia mbio. Ni ushuhuda wa kweli, na anayemshukuru Mungu kwa ajili yake hakosei. Lakini ukisimuliwa peke yake mbele ya mama aliyezika, unamwachia swali zito moyoni: Mungu alimwona mtoto wa jirani, wangu hakumwona? Mahubiri yetu ya matumaini hupimwa hapo. Tukiwa na la kusema kwa familia tatu tu, na kwa wale wengine tukabaki kutazama chini, basi tulichokuwa nacho ni furaha ya matokeo mazuri. Imani ya Kikristo ina kina zaidi ya hicho.

Shadraka, Meshaki na Abednego walisimama mbele ya tanuru la Nebukadreza bila kujua mwisho wa habari yao. Walimwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa. Wakaongeza kwamba hata asipowaokoa, hawataisujudia sanamu yake. Sisi tunaijua sura nzima, kwa hiyo tunakimbilia kwa yule wa nne aliyeonekana motoni. Wao walijibu wakiwa bado nje ya tanuru, hawana ahadi mkononi. Ujasiri wao umo katika ile sehemu ya pili ya jibu, ambamo mtu anamtumaini Mungu bila kumwekea sharti.

Kwa hiyo tuwe waangalifu na maneno yetu ya msibani. Tumezoea kusema kazi ya Mungu haina makosa, tukaondoka tukidhani tumefariji. Ajali ya barabarani ina sababu zake: mwendo, breki, utelezi, idadi ya abiria, uamuzi wa mtu. Nyingi kati ya hizo ni kazi zetu wenyewe, na makosa yamo. Kumtwika Mungu uzembe wa binadamu si unyenyekevu, na kunatunyima nafasi ya kutengeneza kinachotengenezeka. Tena tunamwambia mfiwa asilie, eti akilia anaonyesha hana imani. Bwana Yesu alifika Bethania akijua atakachomfanyia Lazaro, na bado alilia (Yohana 11:35). Paulo naye hakuwakataza Wathesalonike kuomboleza; aliwaomba wasiomboleze kama watu wasio na matumaini (1 Wathesalonike 4:13). Basi kuna namna mbili za kulia, na Mkristo ameruhusiwa moja kwa uhuru wote.

Mzee aliyekataa kugawanywa

Panda sasa kutoka Karatu, pita lango la Lodoare, zunguka ukingo wa kreta, kisha ufuate njia ya kaskazini mpaka Loliondo, makao makuu ya Wilaya ya Ngorongoro. Mwaka 1966 palikuwa na padre Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, Vincent Donovan. Misheni ya Loliondo ilikuwa na shule na hospitali, na mapadre walielewana vizuri na Wamasai. Hata hivyo Donovan alimwandikia askofu wake akikiri kwamba baada ya miaka yote ya misheni hapakuwa na Mmasai mtu mzima aliyeishi kama Mkristo. Akaomba ruhusa ya kuacha kila shughuli nyingine, aende kwenye maboma kuzungumza nao habari za Mungu, basi. Habari za miaka hiyo alizisimulia katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1978, na ndani yake yamo mambo mawili ambayo kila Mkristo wa eneo hili angestahili kuyajua.

La kwanza linamhusu mzee mmoja aliyeitwa Ndangoya. Donovan alikuwa amelifundisha boma lake kwa mwaka mzima, na siku ya ubatizo ikawa inakaribia. Alivyofundishwa seminari, aliona ni wajibu wake kuchambua watu. Akaanza kunyoosha kidole: huyu abatizwe; yule alikosa mafundisho kwa sababu ya ng'ombe, asubiri; huyu hakutia bidii; yule hakuelewa vya kutosha. Mzee Ndangoya akamkatiza kwa upole. Akamweleza kwamba ni kweli wamo wavivu katika boma, lakini wenye bidii wamewasaidia. Wamo wazito wa kuelewa, na wepesi wamewaeleza. Wamo wenye imani haba, na wenye imani kubwa wamewashika mkono. Kwa nini padre awatenganishe, wakati tangu siku ya kwanza amesema nao wote pamoja? Baada ya mwaka mzima mzee alikuwa na haki ya kulijibia boma lake zima: sisi tunaamini. Donovan akatazama, akaona mzee ana haki, akawabatiza wote.

Jibu la Ndangoya linakaa vizuri kabisa katika nyumba ile ya Kapernaumu ambamo watu wanne walimleta mwenzao aliyepooza. Mlango umezibwa na watu, kwa hiyo wanapanda darini, wanatoboa, wanateremsha godoro kwa kamba hadi miguuni pa Yesu. Soma habari hiyo polepole katika Marko 2 uone jambo moja: yule mgonjwa hasemi neno hata moja. Haombi, hakiri, hashuhudii. Marko anasema Yesu aliiona imani yao, na maneno ya msamaha yakamwangukia aliyelala kimya. Huenda mgonjwa mwenyewe alikuwa amechoka kutumaini. Waliokuwa na nguvu ya kutumaini siku ile walikuwa wale wanne, wenye vumbi la dari nywelani.

Tangu miaka ya 1970 makanisa yetu ya Afrika Mashariki yamejenga maisha yake juu ya jumuiya ndogondogo, zinazokutana nyumba kwa nyumba kila wiki. Wengi tunazichukulia kama mahali pa kusomewa matangazo na kuhesabiwa michango. Thamani yake kubwa ni hii aliyoiona Ndangoya. Kuna wiki ambayo wewe huwezi kusali. Mume amepoteza kazi, matokeo ya hospitali yametoka, mtoto ameshindikana. Unakaa kwenye benchi la jirani, midomo haifunguki, na wenzako wanasali. Hujapungukiwa imani siku hiyo, umebebwa. Wiki nyingine utakuwa na nafuu, nawe utashika pembe moja ya godoro la mwingine.

Jambo la pili ni mazungumzo ya Donovan na mzee mwingine wa Kimasai, siku ambazo padre mwenyewe alikuwa akisumbuliwa na mashaka. Mzee alimwambia kwamba wengi huamini kama mwindaji mzungu mwenye bunduki: yuko mbali, anatumia jicho na kidole tu. Anayeamini kweli ni kama simba anayewinda. Pua, macho, masikio, miguu, na mwili wote umo kazini, mpaka anamkumbatia mnyama na kumfanya sehemu yake. Kisha mzee akageuza mambo. Akamkumbusha padre kwamba Wamasai hawakumtafuta. Yeye ndiye aliyewafuata porini mpaka alikowapata. Na Mungu ndivyo alivyofanya. Siku zote mtu anadhani yeye ndiye simba, kumbe simba ni Mungu.

Mwenye mashaka aishike sana sehemu hiyo ya mwisho. Ujasiri wetu ungetegemea nguvu tuliyonayo ya kumshika Mungu, ungeisha Jumatatu jioni. Unategemea kwamba tunatafutwa na kushikwa, hata pale mikono yetu inapolegea.

Donovan anaeleza pia jinsi misa ilivyoadhimishwa katika maboma hayo. Kwa Wamasai, konzi ya majani mabichi ni alama ya amani. Majani yalipitishwa mkono kwa mkono, familia hadi familia, kabla ya kuukaribia mkate na kikombe. Mtu akikataa kuyapokea kwa sababu ya ugomvi usiosuluhishwa, Ekaristi haikuadhimishwa siku hiyo. Walielewa kwamba watu wasiosemezana hawawezi kubeba godoro moja. Jumuiya inayoomba mvua kwa sauti kubwa huku watu wawili hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba, ianze na mpaka wa shamba.

Kikombe cha Samunge

Wilaya hiyohiyo ya Ngorongoro ilitupa somo jingine mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimwita Babu wa Loliondo, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mizizi ya mugariga kijijini Samunge kwa shilingi 500. Alisema ameoteshwa na Mungu, na kwamba dawa hiyo inatibu maradhi sugu, ukiwamo UKIMWI, kisukari na saratani. Watu walimiminika kutoka Tanzania yote na nchi jirani. Foleni ya magari ilifika kilometa nyingi porini, na wapo waliofia njiani kabla hawajakifikia kikombe. Mchungaji Mwasapile alifariki Julai 2021.

Sina nia ya kuwadharau waliokwenda Samunge. Mtu aliyeuza mbuzi ili ampakie mama yake mgonjwa kwenye gari, akalala naye siku kadhaa barabarani, alikuwa na upendo mkubwa na matumaini makubwa. Uchungu wa habari ile uko kwingine. Wagonjwa walioacha dawa zao za kufubaza virusi vya UKIMWI au vidonge vya kisukari kwa kuamini wamepona, miili yao ililipa. Na kila mmoja wetu anayehubiri ajiulize ni mara ngapi amewafundisha watu kwamba kumeza dawa ni dalili ya kutoamini.

Katika Warumi 4 Paulo anamweleza Ibrahimu kwa namna ya ajabu. Ibrahimu alikuwa na umri wa karibu miaka 100, na Sara tumbo lake lilikuwa limekwisha nguvu. Paulo anasema Ibrahimu aliyatazama hayo yote waziwazi, wala imani yake haikudhoofika. Hakuufumbia macho mwili wake mwenyewe. Hiyo ndiyo imani ya mtu anayepokea karatasi ya vipimo, akaisoma, akamuuliza daktari maswali, akameza dawa kwa saa zake, kisha akapiga magoti. Woga ndio unaoikunja karatasi na kuificha chini ya godoro. Matumaini yenye ujasiri huanza na kusema ukweli.

Debe la maharage

Twende sasa mashambani. Katika vijiji vya Karatu, kuanzia Rhotia hadi Mbulumbulu na Endabash, mkulima wa kawaida hupanda mahindi, maharage na mbaazi kwa kutegemea mvua. Mavuno yakiwa hafifu, hubaki na debe la maharage ndani, na debe hilo lina kazi tatu. Ni chakula cha watoto, ni fedha ya ada, na ni mbegu. Hawezi kulitumia kwa yote matatu. Siku anapolitoa kwenda shambani, nyumbani wanabaki na ugali na mboga za majani, naye hana hakika kama wingu litakaa au litapita. Mtunga Zaburi ya 126 aliwaona watu wanaokwenda kupanda huku wanalia. Aliyewahi kuchagua kati ya sufuria na shamba anajua machozi hayo yanatoka wapi. Mbegu inayoingia ardhini katika mwaka wa njaa imetolewa mdomoni mwa mtu.

Ndiyo maana napenda sana jinsi Yeremia alivyonunua shamba. Jeshi la Babeli limeuzunguka Yerusalemu, na nabii mwenyewe yuko kizuizini katika uwanja wa walinzi, kwa sababu alisema mji utaanguka. Katikati ya hayo binamu yake anakuja kumuuzia shamba la Anathothi. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kununua ardhi wiki ile. Yeremia akapima shekeli 17 za fedha kwenye mizani, akaita mashahidi, akatia sahihi hati mbili, moja imefungwa kwa muhuri na nyingine wazi, akaagiza ziwekwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Angeweza kuhubiri tu kwamba iko siku mashamba yatanunuliwa tena. Alitoa fedha.

Kwa wakazi wa Ngorongoro habari ya ardhi si mfano wa kanisani. Wazee wao waliondoka Serengeti mwaka 1959, wakahamia eneo la Ngorongoro lililotengwa ili watu, mifugo na wanyamapori waishi pamoja. Tangu Juni 2022 kaya nyingi zimehamia Msomera wilayani Handeni, nyingine zimebaki, na Agosti 2024 maelfu walijitokeza barabarani baada ya vijiji vyao kutangazwa kufutwa. Familia zimegawanyika, ndugu mmoja yuko Ngorongoro na mwingine yuko Handeni. Mkristo hana ruhusa ya kuwaambia watu hawa kwamba ardhi haijalishi kwa kuwa sisi ni wapitaji duniani. Yeremia, aliyejua kwamba uhamisho unakuja, alitunza hati za ardhi kwa uangalifu. Anayedai haki yake kwa amani, anayewatembelea waliohama, anayewaandikisha watoto shule katika kijiji asichokizoea, wote wanafanya kazi moja na nabii: wanatenda leo kwa ajili ya siku ambayo hawajaiona.

Sasa tunaweza kuona uzi uliopita katika habari hizi zote. Wana wa tanuru walimtumaini Mungu bila sharti. Ibrahimu aliutazama ukweli. Yeremia alitoa fedha kabla ya matokeo. Wale wanne wa Kapernaumu na mzee Ndangoya walikataa kumwacha mtu nyuma. Mmoja wetu peke yake hawezi kuyabeba yote manne kwa miaka mingi. Atachoka, au atajifanya hajachoka. Boma zima linaweza. Ndiyo maana Mungu, alipotuita tuamini, alituita tukiwa watu wake, akatupa meza moja, kikombe kimoja na majina ya majirani wa kuwaombea. Waliokimbilia korongoni Rhotia hawakuwa na muda wa kuulizana nani ana imani ya kutosha. Kila mmoja alishika alipoweza kushika.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Ni maneno gani ya faraja tunayoyasema msibani kwa mazoea? Yapi kati yake yangemuumiza mzazi aliyefiwa na mtoto? Tungesema nini, au tungefanya nini, badala yake?

2. Soma Marko 2:1–12. Taja wakati ambao hukuweza kusali na wengine wakasali kwa ajili yako. Nani sasa hivi amelala kwenye godoro katika mtaa wenu?

3. Kuna mtu katika jumuiya yetu aliyeacha dawa au anayeficha ugonjwa kwa hofu ya kuonekana hana imani? Tumfanyieje aone kwamba hapa ukweli una nafasi?

4. Konzi ya majani mabichi ikipitishwa kati yetu leo, ingekwama mkononi mwa nani? Tuanzie wapi kusuluhisha?

5. Debe lako la maharage ni lipi mwaka huu, yaani kile ulicho nacho kidogo ambacho Mungu anakuita ukipande badala ya kukila?

Kazi ya wiki: mchague mtu mmoja aliyeacha kuja kwenye jumuiya. Nendeni watatu au wanne, msiende na lawama wala bahasha ya michango. Muulizeni habari za nyumbani, msikilizeni mpaka amalize, na kabla ya kuondoka muulizeni ni kazi gani ya mikono mnaweza kumsaidia siku hiyohiyo. Ifanyeni, ndipo muombe.